Dawa yako haitaki kuyeyuka kwenye maji? Igeuze nanokristali, njia nzima kuanzia kuchagua hadi kupima

Kama uko maabara ya famasia na una molekuli inayofanya kazi safi kabisa kwenye seli lakini ukiiweka kwenye maji inaelea juu, haitaki hata kulowana, basi maelezo haya ni yako. Nimeyaandika kwa ajili ya mtu mwenye vifaa vya kawaida vya maabara, sio lazima kiwanda, na kwa mtu anayejua kemia ya msingi lakini hajawahi kutengeneza nanokristali hata mara moja. Na niseme mapema kabisa, hii ni kazi ya maabara, sio ya kusaga vidonge nyumbani, unga wa dawa ukiwa mdogo hivi ukauvuta puani unaingia mapafuni moja kwa moja.

Watu wengi wakisikia nanokristali akili inaenda kwenye mashine, wanauliza mashine gani, inauzwa wapi, inazunguka spidi gani. Kusaga ndo sehemu rahisi kuliko zote jamani. Kinachokwamisha kazi nyingi ni vitu vitatu: dawa ambayo shida yake haikuwa kasi ya kuyeyuka toka mwanzo, stebilaiza (kile kinachozuia chembe zisishikane) ambayo haikuchaguliwa kwa makini, na kipimo cha uyeyukaji kinachotoa majibu mazuri ya uongo. Kwahiyo hapa nitakaa sana kwenye hivyo vitatu na kwenye mashine nitapita haraka.

Nanokristali yenyewe ni nini

Ni dawa yako ileile, kristali ileile, ila imepunguzwa ukubwa mpaka chini ya maikromita 1, yaani nanomita 1000, mara nyingi inaangukia kati ya nanomita 200 na 500, alafu juu yake kuna tabaka jembamba la polima au safaktanti (kitu kama sabuni, kinacholowanisha) inayozizuia chembe zisishikane. Hakuna mafuta ndani, hakuna kibebeo chochote, chembe ni karibu dawa tupu. Hapo ndo raha yake ilipo ukilinganisha na liposomu (vifuko vidogo vya mafuta vya kubebea dawa) au vitu kama hivyo, kwa sababu unaweza kubeba dozi kubwa kwenye ujazo mdogo.

Kwa nini inasaidia? Wanakemia Noyes na Whitney walishaonyesha mwaka 1897 kwamba kasi ya kitu kigumu kuyeyuka inategemea pengo lililopo kati ya kiwango cha juu ambacho maji yanaweza kubeba na kiwango kilichopo tayari, baadaye wengine wakaongeza eneo la uso wa chembe na unene wa lile tabaka la maji yaliyotulia kuzunguka chembe. Sasa piga hesabu hii mwenyewe. Chembe za duara zenye kipenyo cha maikromita 10 na densiti ya gramu 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo zina uso wa kama mita za mraba 0.46 kwa gramu moja. Zishushe mpaka nanomita 200, unapata kama mita za mraba 23 kwa gramu ileile. Mara 50. Na chembe moja ya maikromita 10 imegeuka kuwa chembe 125,000. Juu ya hapo lile tabaka la maji nalo linakuwa jembamba zaidi kwenye chembe ndogo, kwahiyo unapata faida mara mbili.

Umumunyifu wenyewe, yaani kile kiwango cha juu kabisa ambacho maji yanabeba, nao unapanda lakini kidogo sana, kwa ukubwa wa nanomita mia kadhaa usitegemee zaidi ya asilimia kumi na kitu. Ukiona mtu anadai umumunyifu umepanda mara 5 au mara 10 kwa kusaga tu, angalia alitumia filta gani na aliweka safaktanti kiasi gani, jibu mara nyingi liko hapo. Nitarudi kwenye hili la filta kwa sababu linaniuma.

Mfano unaotajwa sana kwenye fani hii ni danazoli, dawa ya homoni isiyoyeyuka vizuri. Mwaka 1995 Liversidge na Cundy waliwapa mbwa danazoli ya kawaida yenye chembe za kama maikromita 10 na nyingine iliyosagwa hadi nanomita 169. Ile ya kawaida iliingia kwenye damu kama asilimia 5 tu, ile ya nano ikafika asilimia 82. Dawa ileile, kilichobadilika ni ukubwa wa chembe. Kutoka hapo zikaja bidhaa zenyewe sokoni: Rapamune ya vidonge mwaka 2000, Emend mwaka 2003, Tricor mwaka 2004, Megace ES mwaka 2005. Tricor mpya ya mg 145 inafanya kazi sawa na kapsuli ya zamani ya mg 200, na ile ya zamani ilibidi umeze na chakula wakati hii unameza hata tumbo likiwa tupu. Hiyo ya chakula ni faida kubwa ambayo watu wanaisahau, dawa isiyoyeyuka mara nyingi inategemea mafuta na nyongo ya mlo ili iingie mwilini, kwahiyo mgonjwa akila leo na kesho asile anapata dozi mbili tofauti bila kujua.

Kwanza jiulize kama dawa yako inafaa

Kuna makundi manne ya dawa ya Amidon na wenzake ya mwaka 1995, yanayopangwa kwa uyeyukaji na upenyaji wa utumbo, kundi la II ni dawa isiyoyeyuka vizuri lakini inapenya utumbo vizuri, kundi la IV haiyeyuki na haipenyi. Kundi la IV nanokristali peke yake haitakuokoa, utaiyeyusha haraka alafu itakaa palepale kwenye utumbo haivuki. Ila hata kundi la II sio zote. Butler na Dressman mwaka 2010 waliligawa hili kundi la II vipande viwili na huo mgawanyo mi naupenda kuliko yote kwa kazi hii: kuna dawa ambazo shida ni kasi ya kuyeyuka, na kuna ambazo shida ni kwamba maji ya utumbo hayawezi kabisa kubeba kiasi cha kutosha hata ukiyapa siku nzima. Nanokristali ni kwa wale wa kwanza.

Utajuaje? Chukua dozi, gawanya kwa kiasi ambacho mililita 250 za maji zinaweza kubeba. Usipime umumunyifu kwenye maji matupu tu, pima pia kwenye maji ya kuigiza utumbo usio na chakula, pH 6.5, yenye chumvi ya nyongo milimola 3 na lesithini milimola 0.75 kwa lita. Tuseme dozi ni mg 50 na umumunyifu humo ni mg 0.05 kwa mililita, mililita 250 zinabeba mg 12.5, ukigawa unapata 4. Hapo endelea, maana dawa inayopenya vizuri inaondoka kwenye utumbo kadri inavyoyeyuka na nafasi inapatikana ya nyingine kuyeyuka. Sasa chukua dozi ya mg 500 na umumunyifu wa mg 0.001 kwa mililita, maji yanabeba mg 0.25 tu, ukigawa unapata 2000. Hapo hata usage mpaka mwisho wa dunia hutofika mbali, nenda kwenye amofasi (dawa isiyo na mpangilio wa kristali) au mafuta au badilisha chumvi ya dawa.

Mambo mengine ya kuangalia kabla hujagusa shanga, zile punje ngumu za kusagia: dawa isiwe inayeyuka kwenye maji sana, maana ukiisaga ndani ya maji chembe ndogo zitayeyuka na kujijenga upya juu ya kubwa. Isiwe inayoharibika na maji. Na iwe kristali ngumu inayovunjika, sio laini kama nta yenye kuyeyuka kwa joto dogo, hizo laini zinajibandika kwenye shanga na kuta tu. Dawa ambazo ni besi dhaifu nazo zinahitaji kufikiriwa, zinayeyuka vizuri kwenye asidi ya tumbo alafu zikifika kwenye utumbo zinarudi kuwa kristali, kwa hizo kusaga hakugusi lile tatizo la pili.

Stebilaiza, hapa ndo kazi ilipo

Ukivunja kristali unatengeneza uso mpya, na uso mpya haupendi kukaa wazi ndani ya maji, chembe zinatafutana zishikane ili zipunguze huo uso. Stebilaiza inabidi ifike kwenye uso haraka, ikae, na iwazuie majirani. Kuna njia mbili, polima inayosimama juu ya chembe na kuweka umbali, na chaji ya umeme inayozifanya zisukumane. Tumia zote mbili ukiweza. Chaji peke yake inaonekana nzuri kwenye chupa yako ya maji safi lakini tumboni kuna chumvi na asidi kibao, ile chaji inafunikwa na chembe zinajikusanya hapohapo, na hutojua mpaka ujaribu.

Ukitaka kujua pa kuanzia angalia waliofanikiwa walitumia nini. Emend ina HPC (polima ya selulosi) pamoja na sodiamu lauril salfeti, ambayo ni safaktanti, na sukari. Tricor ina HPMC (nayo polima ya selulosi), dokyuseti (safaktanti nyingine) na sodiamu lauril salfeti. Rapamune ina poloksama 188 na povidoni, zote polima. Unaona mtindo, polima moja na mara nyingi safaktanti kidogo pembeni. Kwahiyo mi ningeanza na polima tatu, HPC, HPMC na povidoni, zote za mnato mdogo kabisa maana polima nzito inafanya maji kuwa mazito na shanga zinakosa nguvu ya kugongana, alafu kila moja uijaribu bila safaktanti, na sodiamu lauril salfeti, na dokyuseti. Ongeza poloksama 407 peke yake. Hapo una michanganyiko kumi na unaweza kuisaga yote kwa pamoja kwenye chupa ndogo, nitaeleza chini.

Kiasi: dawa asilimia 5 ya uzito wa saspensheni, polima asilimia 1, safaktanti asilimia 0.05 hadi 0.2. Kuongeza safaktanti sio usalama, hapa wengi wanateleza. Ukizidisha, inaanza kuiyeyusha dawa yako, na dawa ikiwa inayeyuka zaidi kwenye ule mchanganyiko basi ndo unafungua mlango wa chembe ndogo kuyeyuka na kubwa kunenepa, wenyewe wanaita uivaji wa Ostwald. Kwahiyo kabla ya kusaga pima umumunyifu wa dawa ndani ya kila myeyusho wa stebilaiza, ule unaopandisha sana utoe kwenye orodha hata kama unalowanisha vizuri. Kipimo hiki ni rahisi na kinakuepusha na kilio cha baadae.

Kama lengo ni sindano orodha inabadilika kabisa, hapo achana na HPMC na lauril salfeti, unabaki na stebilaiza kama polisobeti, poloksama, lesithini, PEG na wenzao wachache.

Kusaga

Njia ya bei rahisi ya kuanzia ni chupa za kioo, shanga na sumaku ya kukorogea. Chukua chupa ya mililita 20 yenye mfuniko mzuri. Weka shanga za zirkonia iliyotiwa itria (kauri ngumu), kipenyo cha milimita 0.5, kama gramu 15. Andaa mililita 5 za myeyusho wenye mg 50 za polima na mg 5 za safaktanti, ulowanishe mg 250 za dawa humo kwanza kwa kukoroga mpaka usione madonge yanayoelea, ndo umimine kwenye shanga. Weka sumaku, koroga kwa spidi ya juu ambayo sumaku bado inazunguka bila kurukaruka. Panga chupa zako zote kumi kwenye mashine ya kukorogea yenye nafasi nyingi na uziache usiku kucha, chukua sampuli kidogo asubuhi, endelea siku ya pili na ya tatu mpaka ukubwa uache kushuka. Weka beseni la maji ya baridi au hata chumba cha baridi, joto linaongeza umumunyifu na hatutaki hilo.

Kama una kinu cha sayari, yaani kinu ambacho bakuli linajizungusha huku likizunguka na meza yake, basi utapata majibu ndani ya saa chache, ila sagia kwa vipindi na upumzishe katikati ili bakuli lipoe. Ukubwa wa shanga una maana: chembe za mwisho zinafuata ukubwa wa shanga, shanga ndogo zinagongana mara nyingi zaidi na zinatoa chembe ndogo zaidi, ila zikiwa ndogo sana hazina nguvu ya kuvunja kristali kubwa za mwanzo, na kuzichuja nako ni taabu. Kama unga wako wa mwanzo una kristali zinazoonekana kwa macho anza na shanga za milimita 1 au usage mkavu kidogo kwanza.

Ukimaliza chuja shanga kwa wavu wenye matundu madogo kuliko shanga, suuza kwa myeyusho uleule wa stebilaiza, sio maji matupu. Na usisahau kwamba shanga zinaliwa pia, kidogokidogo. Kwa majaribio ya mwanzo sio shida, ila ukifika hatua ya kumpa mnyama au mtu lazima upime zirkoniamu na itriamu kwa ICP-MS, mashine ya kupima metali kidogo sana. Viwandani wengine wanatumia shanga za polistirini ngumu. Mbinu yenyewe ya nanokristali za kusaga ni ya kundi la Liversidge, hataza yake ilitoka Marekani mwaka 1992. Sumaku nayo ile plastiki yake ya nje inachubuka ikisagwa na zirkonia, iangalie, ukiona imekwaruzika sana tupa.

Kuna njia ya presha pia, ile ya Müller na wenzake, saspensheni inasukumwa kwenye upenyo mwembamba kwa presha ya hadi bar 1500, mara 10 hadi 20. Ni nzuri kwa sindano kwa kuwa hakuna shanga, ila lazima usage kwanza maana kristali kubwa zinaziba upenyo. Na kuna ya kuanzia chini, unayeyusha dawa kwenye kiyeyushi alafu unamimina kwenye maji kwa kasi huku unakoroga. Rahisi kweli kuanza, ngumu kuimaliza: kiyeyushi kinabaki, chembe zinaendelea kukua, na mara nyingi unapata amofasi badala ya kristali. Kama huna sababu maalum, saga.

Kupima ukubwa bila kujidanganya

DLS, kifaa kinachopima ukubwa kwa jinsi mwanga unavyotawanywa na chembe zinazotetemeka, ndo watu wengi wanacho. Shida ni kwamba lazima uchanganye sampuli na maji mengi ili kifaa kisome, na ukichanganya na maji matupu zile chembe ndogo zinayeyuka hapohapo na kipimo kinahama wakati unakiangalia. Tumia maji ambayo tayari yameshiba dawa, chuja, ndo uchanganye nayo. Pima mara tatu mfululizo na uangalie kama namba inapanda. PDI, yaani kipimo cha jinsi ukubwa wa chembe unavyotofautiana, ikiwa chini ya 0.25 hapo niko na amani, ikizidi 0.4 usiamini hata wastani wenyewe.

Na DLS haioni vizuri chembe kubwa zaidi ya maikromita chache. Kwahiyo weka tone moja kwenye hadubini yenye mwanga wa polarizesheni, ni kazi ya dakika mbili tu. Nanokristali zinaonekana kama ukungu unaotetemeka, lakini kristali kubwa zilizobaki zinang'aa kabisa kwenye giza na huwezi kuzikosa. Ukiona hata chache za maikromita 10 kila mahali unapoangalia, wastani wa nanomita 250 uliopewa na DLS hauna maana sana, maana chembe hizo chache zinabeba uzito mkubwa wa dawa. Kama una mashine ya leza ya kupima mtawanyiko, angalia Dv90 (ukubwa ambao asilimia 90 ya ujazo wa chembe iko chini yake) na sio wastani.

Zeta, kipimo cha chaji ya uso wa chembe: kama unategemea chaji peke yake tafuta zaidi ya 30 milivolti, iwe chanya au hasi, ukiwa na polima hata 20 inatosha, na polima pekee inaweza kukupa karibu na sifuri bila tatizo lolote kwa sababu kinachozuia ni umbali.

Kisha kausha sampuli kwa upole bila joto, pitisha kwenye eksirei ya unga, linganisha na dawa ya mwanzo. Vilele vikikaa sehemu zilezile ila vimenenepa kidogo na vimeshuka, hiyo ni kawaida ya chembe ndogo. Vilele vipya vikitokea maana yake kristali imebadilika, pengine imebeba maji ndani yake, na hapo una dawa nyingine kabisa kwa upande wa uyeyukaji.

Baada ya hapo gawanya saspensheni, nyingine kwenye friji nyuzi 4, nyingine 25, nyingine 40, upime siku ya 7, 14 na 28. Na chupa moja uihamishe kutoka friji kwenda kwenye joto na kurudi kila siku, hiyo ndo inakutonya mapema kuliko zote, joto likipanda chembe ndogo zinayeyuka, likishuka dawa inarudi juu ya chembe kubwa, na kila mzunguko unanenepesha kubwa.

Lile la filta

Haya sasa. Kipimo cha uyeyukaji unachukua sampuli, unachuja ili kutoa dawa ambayo haijayeyuka, unapima kilichopita. Filta ya kawaida kwenye maabara nyingi ni ya maikromita 0.45. Nanokristali ya nanomita 200 inapita humo kama hakuna kitu. Inafika kwenye kichupa cha HPLC, mashine ya kupima kiasi cha dawa, inakutana na asetonitrile, inayeyuka yote, na grafu yako inaonyesha asilimia 100 ndani ya dakika moja. Umepima nini? Umepima kwamba chembe zako ni ndogo kuliko tundu la filta, basi.

Njia ya kujigundua ni hesabu tu. Tuseme umeweka mg 50 kwenye mililita 900, zikiyeyuka zote ni kama maikrogramu 56 kwa mililita. Na umumunyifu ulioupima kwenye maji hayohayo ni maikrogramu 10. Kama HPLC inakwambia 55, hiyo dawa haiko kwenye myeyusho, ni chembe zimepenya, maana kristali haiwezi kujaza maji mara tano zaidi ya uwezo wake. Tumia filta ya maikromita 0.1, na ikiwezekana ya 0.02, tupa mililita za kwanza kwa sababu filta yenyewe inafyonza dawa, na hakikisha kwa kuchuja saspensheni yenyewe kwenye maji yaliyoshiba: kinachopita kisizidi umumunyifu. Sentrifuji ya kasi kubwa nayo inafaa ila inachukua muda na dawa inaendelea kuyeyuka humo ndani.

Upande wa pili, usijaze safaktanti kwenye maji ya kipimo mpaka kila kitu kinayeyuka dakika tano. Hapo unga wa kawaida na nanokristali vitaonekana sawa na utadhani umepoteza muda wako bure. Chagua maji ambayo unga wa kawaida unajikokota, alafu chukua sampuli mapema, dakika ya 1, 2, 5, 10, kwa sababu tofauti yote iko mwanzoni.

Kukausha na kurudisha

Saspensheni kwa mdomo inawezekana, Megace ES ni saspensheni, lakini wengi wanataka kidonge. Ukikausha, chembe zinasogezwa pamoja na maji yanapoondoka na zikigusana zinaungana moja kwa moja. Ongeza kitu cha kukaa katikati yao, trehalosi, manitoli au sukari ya kawaida, anza na uzito sawa na wa dawa. Kukausha kwa kugandisha, kwa kunyunyizia kwenye hewa ya moto, au kunyunyizia juu ya punje za selulosi kama ilivyo ndani ya kapsuli za Emend, zote zinafanya kazi.

Kipimo cha ukweli ni hiki: chukua unga mkavu, weka kwenye maji, tikisa kwa mkono tu, pima Dv90. Gawanya kwa Dv90 ya kabla ya kukausha. Ikiwa karibu na 1 umeshinda. Watu wanatumia mawimbi ya sauti kuirudisha alafu wanaripoti namba nzuri, ila tumboni kwa mgonjwa hakuna mashine hiyo. Rudia kipimo hichohicho kwenye asidi ya 0.1 N, maana ndo inakutana nayo kwanza. Na ukikandamiza kidonge usitumie nguvu kubwa sana wala usijaze nanokristali nyingi kupita kiasi bila vijazio vya kutosha, zinabanana na kuwa jiwe moja.

Sindano za muda mrefu

Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi, nanokristali sio lazima iende haraka. Mdomoni ndiyo, lakini ukidunga kwenye msuli dawa yenye umumunyifu mdogo mno, maji ya pale ni machache na hayasogei, inayeyuka polepole kwa wiki au miezi. Invega Sustenna ya mwaka 2009, dawa ya skizofrenia, inadungwa mara moja kwa mwezi. Cabenuva, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, ina kabotegraviri ya mg 200 kwa mililita na rilpivirini ya mg 300 kwa mililita, jaribu kufikiria kubeba kiasi hicho kwa myeyusho, haiwezekani. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI anaachana na kumeza kidonge kila siku. Mimi naona hii ndo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote kwa sasa.

Huku ukubwa unakuwa usukani wa kasi, chembe kubwa zaidi zinachelewa zaidi, kwahiyo usikimbilie ndogo kabisa. Kazi ngumu ni kuua vijidudu: filta ya 0.22 haipitishi chembe zako, joto la nyuzi 121 linazikusanya kwa kuwa polima nyingi zinajiondoa kwenye uso joto likipanda. Kinachobaki ni miali ya gama, kama dawa inavumilia, au kufanya kila kitu kwenye mazingira safi toka mwanzo. Panga hilo kabla ya kuchagua stebilaiza.

Ukifika kwa wanyama

Weka makundi matatu. La kwanza unga wa kawaida, la pili nanokristali, na la tatu unga wa kawaida uliochanganywa na stebilaiza zilezile kwa kiasi kilekile bila kusagwa. Hilo la tatu wengi wanaliruka, na bila hilo huwezi kusema kama kilichosaidia ni ukubwa wa chembe au ni ile lauril salfeti iliyolowanisha unga. Kama una nafasi rudia wakiwa wameshiba na wakiwa na njaa, pengo kati ya hizo mbili likipungua kwenye kundi la nano hiyo ni habari kubwa kuliko hata dozi yenyewe kupanda. Pima saspensheni asubuhi ileile ya kuwapa, sio namba ya wiki iliyopita, na uitikise vizuri kabla ya kila sindano ya kunyweshea kwa sababu chembe za nanomita 400 nazo zinatulia chini ukiziacha.

Na anza kuandika mapema namba za kila kundi la utengenezaji, ukubwa, Dv90, aina ya kristali, masalia ya shanga. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa mwongozo wake wa mwisho kuhusu dawa zenye vitu vya nano Aprili 2022 na hayo ndo mambo yanayoulizwa, ukiwa nayo toka chupa ya kwanza hutahitaji kuanza kusaga upya.